Wimbo wa Busega na Safari Yake

Alexander Mackay alizaliwa mwaka 1849 katika nyumba ya mchungaji huko Rhynie, Scotland. Baba yake alilihudumia Kanisa Huru, Wapresbiteri ambao siku hizo ibadani waliimba hasa zaburi. Mwana hakuwa mchungaji. Alisomea uhandisi, na Novemba 1878 akafika kwa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, akitumwa na CMS, chama cha wamisionari wa Kianglikana.

Luganda haikuwa na vitabu bado, lakini wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kuyazoesha masikio ya watu wa ikulu Kiswahili. Mackay akafundisha kwa Injili za Askofu Edward Steere wa Zanzibar. Ndiyo maana tarehe 31 Januari 1885, Wakristo vijana Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama walipopelekwa Busega, huko Buganda, kuchomwa moto kwa ajili ya imani yao, masimulizi yanasema waliimba kwa Kiswahili. Lugalama alikuwa bado mtoto. Sisi wenye lugha hii hatujaipa siku hiyo heshima inayostahili: hawakuwa Waswahili, lakini maneno yetu ndiyo waliyoyashika walipokuwa hawana kingine cha kushika.

Kisha Luganda ikachukua nafasi yake. Henry Wright Duta, aliyebatizwa Zanzibar mwaka 1882, alimsaidia George Pilkington kutafsiri Biblia, naye akapewa ukasisi mwaka 1896. Nyimbo zikatafsiriwa pia, ila kwa tuni za Ulaya, na hapo palikuwa na dosari kubwa. Luganda ni lugha ya toni; sauti ikipanda pasipo mahali pake, neno hupoteza maana. Joseph Kyagambiddwa, Mkatoliki, ndiye aliyeonyesha njia nyingine: oratorio yake ya Mashahidi wa Uganda, iliyoimbwa Roma mwaka 1964, ilifuata muziki wa Waganda wenyewe.

Mifupa ya Mackay, aliyefariki Usambiro mwaka 1890, ililetwa kilima cha Namirembe, Kampala, mwaka 1927. Miaka miwili baadaye, kilimani hapo hapo, Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walikutana wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Uamsho uliokua kutoka hapo, wa Abalokole, yaani waliookoka, ukaenea na kiitikio kimoja kifupi cha Luganda, Tukutendereza Yesu, yaani Tunakusifu Yesu. Mwaka 1937 ulifika Kenya, ukaingia hata kwa Wapresbiteri wa Kikuyu na Tumutumu. Huko kiitikio hicho huimbwa msibani na harusini, kwa Luganda ile ile, na bibi ambaye hajawahi kuiona Kampala.