Namna ya Kuzuia Ukungu Ndani ya Dashibodi ya Pikipiki

Kata ya Issuna, iliyopo Wilaya ya Ikungi mkoani Singida, inapitiwa na barabara kuu itokayo Manyoni kuelekea Singida mjini. Kama ilivyo katika maeneo mengi ya Kanda ya Kati, mvua hunyesha kwa msimu mmoja, kwa kawaida kati ya Novemba na Aprili. Katika kipindi hicho ukungu hujitokeza ndani ya kioo cha dashibodi za pikipiki na kuficha mshale wa mwendo pamoja na geji ya mafuta.

Ukungu huo hutokana na tabia ya hewa. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa ya baridi. Dashibodi iliyopigwa na jua ikipoa ghafla kwa mvua, kwa maji ya kuoshea au kwa baridi ya usiku, mvuke uliomo hugeuka matone kwenye kioo. Aidha, hewa ya ndani inapopoa husinyaa na kuvuta unyevu kutoka nje kupitia mpira uliochakaa au tundu la waya.

Ukungu mwepesi unaotoweka baada ya muda mfupi si hitilafu kubwa. Maji yanayotuama ndani ni dalili ya uvujaji. Yakiachwa, hutia kutu kwenye vishikio vya taa na viungo vya umeme, na mwendeshaji hukosa kuona mwendo wake anapopita kwenye makazi ambako alama huelekeza kutozidi kilomita 50 kwa saa. Anayesafirisha mgonjwa usiku anaweza pia kuishiwa mafuta njiani bila kutarajia.

Ili kuzuia hali hiyo, mmiliki anashauriwa kuzingatia yafuatayo:

- Kuegesha pikipiki kivulini au chini ya paa, na kuiacha ipoe kabla ya kuiosha.
- Kutoelekeza maji ya pampu kwenye dashibodi. Kitambaa chenye unyevu kinatosha.
- Kukagua kioo, mpira wa kuziba na tundu la waya kabla ya mvua kuanza, na kubadilisha vilivyopasuka.
- Kutoziba tundu dogo la hewa lililo upande wa chini, kwa kuwa ndilo linaloruhusu unyevu kutoka.
- Kuepuka kufunika dashibodi kwa nailoni iliyobana, ambayo huhifadhi unyevu.

Iwapo maji yamekwishaingia, fundi aifungue dashibodi na kuikausha mahali pakavu penye hewa, kisha aweke mpira mpya. Kukausha kwa moto huharibu plastiki, na kutoboa kioo hufungulia mvua njia. Vilevile, kupaka gundi kila upande kabla ya kukausha hufungia maji ndani, na ukungu hurejea jua linapowaka na kuzama.