Walkerton: Ukimya uliogharimu maisha

Mwezi Mei mwaka 2000, watu saba walifariki dunia na zaidi ya 2,000 wakaugua huko Walkerton, mji mdogo wa jimbo la Ontario nchini Kanada, baada ya kunywa maji ya bomba. Mji huo ulikuwa na wakazi wapatao 4,800.

Mvua kubwa ilikuwa imesomba vimelea kutoka kwenye samadi ya shamba jirani hadi katika kisima kisicho na kina kirefu. Klorini iliyotiwa haikutosha kuviua. Watumishi wa shirika la maji hawakuwa na desturi ya kuipima kila siku. Waliandika daftarini vipimo vya kubuni.

Mei 17, maabara iliujulisha uongozi wa shirika hilo kwamba sampuli zilikuwa na bakteria wa E. coli. Mamlaka ya afya haikuarifiwa. Ilipouliza, ilihakikishiwa kuwa maji ni salama. Mei 21, idadi ya wagonjwa ikizidi kuongezeka, daktari mkuu wa afya wa eneo hilo aliwaagiza wakazi wachemshe maji bila kusubiri uthibitisho.

Tume iliyoongozwa na Jaji Dennis O'Connor ilibaini kwamba kifaa cha kupima klorini mfululizo kingeweza kuzuia mlipuko huo.

Hivyo, wajibu wa mtoa huduma ya maji, hata awe mdogo kiasi gani, ni kupima kila siku, kuandika ukweli, na kuwaonya wananchi mara tu shaka inapoingia.