Kilichomo Ndani ya Pai

Wafaransa huziita asili mfu. Waholanzi huziita maisha yaliyotulia. Mimi nimezoea kuziita picha za mezani, maana ndicho kilichomo: meza, kitambaa, kisu, glasi, jibini, na karibu kila mara matunda. Mtu hayumo. Ameshakula akaondoka, au bado hajafika.

Kwa muda sasa nimekuwa nikizipika. Nachukua picha moja, naangalia kilichowekwa, nasoma watu wa wakati ule walikipika vipi, halafu naingia jikoni. Nilianza na matufaha kwa sababu picha hizo zimejaa matufaha, na pia kwa sababu siku hizi hapa Dar hata muuza matunda wa kituoni anayo, kayapanga mafungu mafungu, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Sokoni tunayaita epo. Neno tufaha tumewaachia vitabu.

Paul Cézanne, ambaye wengi humtaja kwanza likitajwa tufaha, hapikiki. Picha yake ya kapu la matufaha, ya mwaka 1893 hivi, iliyoko Chicago, ina kapu lililoinamishwa, chupa iliyoegemea upande, biskuti juu ya sahani, na meza ambayo ukingo wake wa kushoto haukutani na ule wa kulia. Kwa akili ya kawaida yale matufaha yangeshabingirika hadi sakafuni. Hayabingiriki, kwa sababu hayakuwekwa pale yaliwe. Yamewekwa yawe mazito na mekundu, basi. Mfanyabiashara wa sanaa Ambroise Vollard, aliyekaa mbele yake zaidi ya mara 100 mwaka 1899 ili achorwe, alisimulia kwamba siku aliposinzia na kuanguka, mchoraji alimfokea kwa kushindwa kutulia kama tufaha. Kwa heshima yake niliyaoka mazima, kwa siagi tu. Yalikuwa matamu, na hadithi yake ikaishia hapo.

Historia niliyokuwa naitafuta ilikuwa nyuma zaidi, Haarlem, mji wa Uholanzi, mwanzoni mwa karne ya 17.

Kule Floris van Dyck alichora, karibu mwaka 1615, meza ya jibini na matunda ambayo sasa iko Rijksmuseum, Amsterdam. Jibini kubwa zimepandana. Kuna mkate, zabibu, matufaha, na sahani iliyotokeza nje ya meza kiasi kwamba mkono unataka kuisukuma ndani isianguke. Karibu kila kilichopo pale kingeweza kutoka mashamba ya jirani. Mwaka 1631, katika mji uleule, Willem Claesz. Heda akachora pai ya matunda ambayo imeshakatwa, nyama yake nyeusi iko wazi, na karibu yake glasi iliyovunjika. Picha hiyo iko Dresden. Mchoraji anaonyesha fedha inavyong'aa, kioo kinavyopasuka, ganda la unga linavyovunjika. Jambo moja halimwezekani: kuchora harufu. Na pai ya Kiholanzi ya wakati ule, ukiisoma katika vitabu vya mapishi, ni harufu kwanza.

Kitabu kinachojulikana zaidi ni *De Verstandige Kock*, yaani mpishi mwenye busara, kilichochapishwa Amsterdam katika miaka ya 1660. Pai za tufaha zimo. Tufaha, siagi, sukari, mdalasini. Pai huokwa katika sufuria yenye mfuniko, makaa chini na makaa juu. Hapo nilicheka peke yangu. Huo si ndio mkate wa kumimina? Bibi yeyote wa Unguja angempokonya yule mpishi mwenye busara koleo la makaa na kumaliza kazi bila kusoma ukurasa hata mmoja.

Lakini hebu tuhesabu vilivyomo, kimoja kimoja.

Tufaha lilitoka bustanini, na siagi ilitoka kwa ng'ombe wa jirani. Mdalasini ulitoka Sri Lanka, ambako Kampuni ya Waholanzi ya India Mashariki, iliyoundwa mwaka 1602, iliwafukuza Wareno na kuiteka Colombo mwaka 1656. Wenyeji wa tabaka la wamenya mdalasini walilazimishwa kuutoa kama kodi ya jasho lao. Sukari nayo? Waholanzi waliteka Pernambuco, Brazili, mwaka 1630, kwa ajili ya sukari. Wakagundua upesi kwamba mashamba ya miwa bila watumwa hayazai kitu, basi mwaka 1637 wakaiteka ngome ya Elmina katika Ghana ya leo, na mwaka 1641 wakaiteka Luanda, Angola. Soma tena tarehe hizo. Waliyataka mashamba kwanza, kisha wakavuka bahari kuifuata milango ya kuwatolea watu.

Kungumanga ndiyo mbaya kuliko zote. Wakati huo ilitoka katika visiwa vidogo vya Banda tu, huko Indonesia. Mwaka 1621 Jan Pieterszoon Coen alikwenda mwenyewe na jeshi, kwa kuwa Wabanda walikuwa wakiwauzia wengine pia. Sehemu kubwa ya wakazi waliuawa, walikufa njaa au walihamishwa. Visiwa vikagawanywa kuwa mashamba, watumwa wakaletwa kuyalima. Heda alikuwa anachora katika mwongo uliofuata. Simlaumu, alichora alichokiona, na mezani kulikuwa na pai. Ila kile kidogo kilichosagwa ndani yake, kisichojaza hata kijiko, ndicho kilichogharimu watu. Tufaha, lililowekwa mbele likamulikwa, lilikuwa kitu rahisi kuliko vyote.

Mara mojamoja viungo hujitokeza. Katika picha ya Pieter Claesz. ya mwaka 1627, yenye pai ya bata mzinga, pilipili manga imewekwa ndani ya karatasi iliyoviringishwa, ukurasa uliochanwa kwenye almanaka. Kama karanga za mtaani! Naipenda picha hiyo kuliko za wenzake wote kwa sababu ya karatasi ile.

Mimi pai yangu huongeza karafuu, na hapo hesabu inafika nyumbani. Waholanzi waliibana karafuu katika Ambon na visiwa vya jirani, wakipeleka misafara ya mitumbwi kukata mikarafuu ya kwingineko ili bei isishuke. Haikusaidia. Wafaransa waliiba miche wakaipeleka Mauritius mwaka 1770, na mwanzoni mwa karne ya 19 karafuu ikafika Unguja. Kilichofuata tunakijua: mashamba ya Waarabu wa Oman, watu walioletwa kutoka bara kulima na kuchuma, na utumwa ambao Unguja haukufutwa kisheria hadi 1897. Ile njia ya Ambon ilihamia kwetu pamoja na mti.

Kuna na hili, ambalo nilikutana nalo katika kitabu cha mimea na bado linanifurahisha. Ukiwaambia Wazanzibari tofaa, wengi hawawazi epo. Wanawaza lile tunda la kwao, jekundu, lenye maji na harufu ya waridi. Halina undugu wowote na tufaha la Haarlem. Undugu wake ni na mkarafuu: wataalamu wa mimea wameviweka katika jenasi moja, *Syzygium*.

Kwa anayetaka kuipika: matufaha 6 yenye uchachu, yamenywe na kukatwa vipande vinene. Siagi vijiko 2 vikubwa, sukari kiasi, mdalasini kijiko kidogo, zabibu kavu kiganja kimoja. Kaanga taratibu mpaka yalegee bila kupondeka, yaache yapoe, kisha yafunike kwa unga uliokandwa na siagi. Makaa chini kidogo, juu mengi. Karafuu usiisage. Chomeka punje nzima juu ya unga, kama misumari, 12 hivi, kila anayekula azitoe kwa vidole na kuziweka pembeni mwa sahani yake.