Mgeni na Karatasi: Historia Fupi ya Ruhusa ya Kukaa katika Fizi na Baraka

Neno "mgeni", kando ya Ziwa Tanganyika, lina maana mbili zisizoachana: ni mtu wa kupokelewa, tena ni mtu wa kuulizwa atokako. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi swali hilo lilivyohama kutoka kinywani mwa mwenyeji hadi mezani pa biro.

Amri ya Wabelgiji ya tarehe 2 Mei 1910 ilimfunga kila Mkongomani kwenye usultani wake. Asiyekuwa na pasi ya kuhama hakuruhusiwa kukaa nje yake zaidi ya siku 30, na amri ya tarehe 5 Desemba 1933 iliihifadhi kanuni hiyo. Hila yake ni hii: sheria haikumkataza mtu kusafiri, bali kukawia. Mvuvi aliweza kufika Baraka, akauza ndagala zake, akarudi. Lakini akitaka kujenga na kulima, ilimpasa kuruhusiwa kwanza kule alikotoka. Wenzetu wa Kenya walikuwa na kipande, kilichotungiwa sheria mwaka 1915 na kuvaliwa shingoni ndani ya kikebe. Kipande kilimtumikia zaidi mwajiri, ilhali pasi ya huku ilimfunga mtu kwa chifu. Tofauti hiyo, kwa maoni yetu, haijapewa uzito wake.

Ukoloni ulituachia pia neno "leta", yaani serikali, litokanalo na Kifaransa. Na sikio la Mswahili haliwezi kukosa kusikia humo kitenzi cha kuleta.

Jaribio kubwa zaidi lilikuja baada ya vita vya 1996, vilipowavusha watu wengi wa Fizi hadi kambi za Nyarugusu na Lugufu, mkoani Kigoma. Tangu Oktoba 2005 meli zilianza kuwarudisha. Vijana waliokulia huko walisema "ofisi" na "cheti", wenyeji wakasema "biro" na "atestasio". Hilo lilikuwa dogo. Karatasi ya ukimbizi ilishuhudia mahali mtu alipokuwa amekaa, isishuhudie kwao ni wapi.

Kadi ya mpiga kura ndiyo iliyokuwa ikitumika kama kitambulisho. Sheria ya tarehe 24 Desemba 2004 ilimruhusu asiye na hati yoyote kuleta mashahidi watano, waliokwisha kuandikwa katika kituo kilekile na kukaa hapo miaka mitano au zaidi. Kwa mji uliotulia, sharti hilo ni la busara. Kwa Baraka, ambako jirani naye alikuwa ametoka kambini mwaka jana, watano hao wangepatikana wapi? Na aliyerudi mwaka 2007 au 2008 alikuta uandikishaji umekwisha; uliofuata ulitangulia uchaguzi wa 2011. Kwa muda huo wote mtu huyo, aliyezaliwa Fizi, alikuwa mgeni kwa maana ile ya pili tu, akitegemea shefu wa kijiji amtambue kwa jina la baba yake.

Mwaka 2013 amri ya serikali iliipa Baraka hadhi ya mji, wenye komuni zake, ingawa utekelezaji ulikawia. Hivyo aliyekuwa amejiandikisha kijijini, chini ya sekta ya Mutambala, akawa mtu wa komuni bila kuhamisha hata chungu chake, na ikambidi aulize upya abishe hodi kwenye biro gani.