Nguo Baada ya Maji: Vitambaa na Uzee Wake Katika Nchi ya Uzaramo

Kanga mpya haivaliki vizuri. Hutoka dukani ikiwa doti, vipande viwili ambavyo havijatenganishwa, vikavu kama karatasi. Ikikunjwa huacha alama, ikifungwa kiunoni huteleza na kufunguka. Ugumu huo unatokana na dondo, wanga unaopakwa kiwandani ili uzi usikatike kwenye mtambo na ili kitambaa kionekane kizito machoni pa mnunuzi. Wanawake wa Pwani huikata doti, huipinda ncha, kisha huiloweka kwenye maji ya chumvi kabla ya kuivaa, wakitaka rangi ishike isichuje. Maji yakimwagwa, dondo limekwenda nayo. Kuanzia hapo kanga ya pamba huzidi kulainika mwaka hadi mwaka, inashika mwili, inakunjika bila kuacha alama, na rangi zake zilizokuwa zikipiga kelele hutulia.

Si kila nguo hupata uzee wa namna hiyo. Kitambaa kilichofumwa kwa uzi hafifu na kufichwa udhaifu wake kwa dondo, kikifuliwa mara mbili tatu huonyesha mwanga kama chandarua. Kingine hurudi, kikawa kifupi kuliko kilivyonunuliwa. Pamba nzuri huvimba inapoingiwa na maji na kukaza mfumo wake inapokauka, na msuguano wa mwili huinua vinyweleo laini juu ya uso wake. Ndiyo maana katika nchi ya Wazaramo, kuanzia vilima vya Kisarawe hadi bonde la Ruvu na makazi ya leo ya Maili Moja, Kibaha, ubora wa nguo umepimwa kwa muda mrefu kwa kuangalia inavyokuwa baada ya kufuliwa. Historia ya nguo za eneo hili inaeleweka vizuri zaidi kwa kufuata kipimo hicho.

Kitambaa kimoja kutoka ng'ambo kilichopata sifa kubwa kwa kipimo hicho kilikuwa merikani. Mwaka 1833 Seyyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 Richard Waters wa mji wa Salem, Massachusetts, alifika Unguja kuwa konseli. Meli za Salem zilileta majora ya pamba isiyopaushwa, nzito, yenye rangi ya maziwa yaliyochanganyika na vumbi. Zilirudi na pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Hiyo sandarusi, utomvu mkavu uliokuwa umelala ardhini kwa muda mrefu, ilichimbwa kwa wingi Uzaramo. Huko Salem ilisafishwa na kupelekwa kwa watengenezaji wa vanishi. Kwa hiyo Mzaramo aliyekuwa na jembe na subira aliweza kujivika nguo ya Massachusetts kwa kuchimba ardhi ya kwao.

Waingereza walijaribu kuiga merikani na hawakufaulu kirahisi. Nguo zao zilikuwa za bei nafuu, lakini zilijaa dondo. Zikifuliwa zilibaki nyepesi, na wanunuzi wa Mrima, pwani ya bara inayotazamana na Unguja, walizikataa. Hili ni jambo la kutiliwa maanani, kwa sababu vitabu vingi vimemweleza Mwafrika wa karne ya 19 kama mtu aliyepokea chochote kilicholetwa pwani. Kumbe wafanyabiashara wa mataifa makubwa walikosa wanunuzi kwa sababu mwanamke au mpagazi fulani alikuwa amekwisha kuifua nguo na kuona kilichomo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, ndivyo vilivyokata njia ya Salem. Baadaye viwanda vya Bombay vilichukua nafasi hiyo, na kitambaa cha Kihindi kikaendelea kuitwa merikani.

Nguo hizo zilikuwa pia fedha. Shuka ilikuwa mikono minne, doti mikono minane, na jora la merikani lilikuwa na yadi 30 hivi. Mkono ulipimwa kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na urefu wa mkono wa mpimaji ulizua mabishano mengi. Majina haya bado yapo kila nyumba ya Pwani, ingawa shuka sasa hutandikwa kitandani na doti ni jozi ya kanga.

Mwaka 1857 Mwingereza Richard Burton alipita Uzaramo akitokea Kaole, akifuata bonde la Kingani, jina la zamani la sehemu ya chini ya mto Ruvu. Aliandika kwamba Wazaramo walivaa vizuri kwa kuwa nchi yao ina rutuba na iko karibu na pwani, na kwamba karibu kila mwanamume alikuwa na shuka ya pamba isiyopaushwa ambayo aliitia rangi ya manjano kwa udongo uliochimbwa palepale. Burton aliiona rangi hiyo kuwa chafu. Macho yake yalikosea. Mtu hapaki udongo nguo aliyoinunua kwa jasho ikiwa anataka ibaki kama ilivyoshuka melini. Shuka ile ilikuwa inatolewa ugeni. Udongo uliingia kwenye uzi, ukapungua kwa kufuliwa, ukaongezwa tena, na kwa muda nguo ikafanana na ardhi na ngozi ya aliyeivaa.

Sambamba na merikani ilikuwapo kaniki, pamba iliyotiwa nili hadi ikawa ya buluu iliyokaribia weusi. Nili ina tabia ya pekee. Haiingii hadi kiini cha uzi, bali hujibandika kwenye tabaka za nje, na kila inaposuguliwa huachia kidogo. Kaniki iliyovaliwa kwa mwaka mmoja ilipauka penye mikunjo, mabegani na kiunoni, lakini ilibaki na giza chini ya kwapa na ndani ya pindo. Mtu angeweza kutambua mwenye nguo alivyozoea kuifunga hata kama hayupo. Ilikuwa nguo ya kazi na ya maskini, na watumwa walivaa kaniki au merikani, basi. Hiyo ndiyo sababu mojawapo ya watu wengi kuikimbia mara walipopata uwezo.

Waliyoikimbilia ni kanga. Ilianza mwishoni mwa karne ya 19, wakati wanawake wa miji ya pwani walipounganisha leso za mraba, vitambaa vilivyoletwa kwanza na Wareno, sita kwa pamoja, wakapata vazi moja pana. Wafanyabiashara waliona na kuagiza kitambaa kizima chenye pindo na mji, yaani sehemu ya katikati. Madoadoa ya mwanzo yalifanana na ya ndege kanga, ndilo likawa jina, ingawa Mombasa leso imebaki leso. Maandishi, yaani jina la kanga, yalifuata, kwanza kwa herufi za Kiarabu. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa lilijulikana kwa kanga zenye alama ya "Mali ya Abdulla". Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Unguja mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922, na kwa wanawake waliotoka utumwani kuvaa kanga kulikuwa ni kutangaza hali mpya bila kusema neno.

Wakati huohuo watu wa eneo hili walilazimishwa kulima malighafi ya nguo ambazo hawakuzifuma. Kuanzia mwaka 1902 serikali ya Wajerumani ilianzisha mashamba ya pamba ya pamoja katika wilaya ya Dar es Salaam, Uzaramo ikiwamo. Malipo yalikuwa duni, na muda wa kulima chakula ulipotea. Vita vya Majimaji vilipozuka mwaka 1905 upande wa Kilwa, moto wake ulifika Uzaramo hadi maeneo ya Maneromango, Kisarawe.

Katika nyumba za Wazaramo kanga ilipata kazi ambazo hakuna kiwanda kilichozifikiria. Mwali aliyewekwa ndani hutolewa akiwa amevishwa kanga mpya, na siku hiyo ugumu wa dondo unapendeza, kwa sababu unatangaza kwamba nguo haijaguswa. Kisutu, kanga ya nyekundu, nyeusi na nyeupe ya arusi, imechapwa kwa sura ileile tangu zamani za bibi. Lakini kanga ya kumbebea mtoto, mbeleko, haichaguliwi katika mpya. Huchukuliwa ile iliyofuliwa mara nyingi, kwa maana ngozi ya mtoto haiwezi dondo, na kanga laini hukaza fundo lake kifuani pa mama bila kuteleza.

Heshima ya nguo hiyo iliyotumika imeingia hata kwenye desturi za ndoa za Mrima, ambazo Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Dunda, Bagamoyo, alizieleza katika kitabu cha desturi za Waswahili kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1903. Mkaja ni kitambaa anachojifunga mama tumboni baada ya kujifungua, na mbeleko ndiyo hiyo ya mgongoni. Binti anapoozwa, upande wa bwana arusi hutoa mkaja na ubeleko, yaani malipo ya mbeleko, kwa mama wa binti. Siku hizi mara nyingi ni fedha, ila jina halijabadilika. Kinacholipwa ni nguo iliyochakaa kwa kulea, miaka mingi baada ya kuchakaa kwake, na ni vigumu kupata mfano mwingine ambao uchakavu wa kitambaa umepewa hadhi kubwa namna hii.

Baada ya uhuru serikali ilitaka nguo za Watanzania zitoke Tanzania. Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Ubungo kwa msaada wa China, kando ya barabara ya Morogoro, barabara ileile inayopita Maili Moja kiasi cha kilomita 40 kutoka katikati ya Dar es Salaam. Pamba ya nchi ilisokotwa, ikafumwa na kuchapwa kanga na vitenge mahali pamoja. Wakati huo Kibaha nayo ilikuwa inabadilika, kwani mradi wa elimu wa nchi za Nordiki ulioanzishwa mwaka 1963 ulivuta walimu, wauguzi na wanafunzi, na baadaye mji ukawa makao makuu ya Mkoa wa Pwani.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 mambo yaliharibika. Vita vya Kagera, bei ya mafuta na uhaba wa fedha za kigeni vilidhoofisha viwanda, na nguo zikaanza kununuliwa kwa foleni. Kwa miaka hiyo kufanya nguo idumu ilikuwa lazima. Fundi cherehani aligeuza kola ya shati, upande uliochakaa ukaenda ndani. Alishusha pindo la gauni la mtoto aliyerefuka, na mstari wa pindo la zamani ukabaki kama kipimo cha mwaka uliopita. Suruali ilitiwa kiraka makalioni kwa ustadi hata kiraka kikawa pambo.

Bajeti ya mwaka 1984 iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na mitumba ikaanza kumiminika. Awali watu waliiita kafa Ulaya, wakidhani ni nguo za marehemu. Jina hilo lilififia, mitumba ikabaki. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa sokoni hatua kwa hatua ili kulinda viwanda, lakini Marekani ilipotishia kuondoa nafuu za ushuru, Tanzania ililegeza msimamo. Rwanda iliendelea, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu hizo kwa upande wa nguo. Hoja ya viwanda ni ya kweli na nzito, maana hakuna anayeweza kushindana kwa bei na kitu kilichotupwa.

Hata hivyo mnunuzi wa mitumba anafanya lilelile walilofanya wanunuzi wa merikani. Wauzaji wa Maili Moja hufungua robota au huleta nguo kutoka masoko ya Dar es Salaam kama Karume, wakazitundika au kuzimwaga juu ya turubai. Mnunuzi mzoefu haanzi na rangi. Hugeuza kola aone upande wa ndani, huvuta mshono wa bega kwa vidole gumba viwili, hupitisha mkono kwenye kiwiko, kisha huinua kitambaa kwenye mwanga wa barabarani. Nguo ya dukani inaweza kuficha jambo chini ya dondo. Mtumba umekwisha kufuliwa mara nyingi katika nchi nyingine, na kama ulikuwa na siri imekwisha toka. Jinzi iliyopauka pajani hugombewa kuliko iliyo buluu tupu, na rangi yake ni nili, ileile iliyoacha ramani ya mwili kwenye kaniki. Tofauti ni kwamba sasa mikunjo hiyo ni ya mtu asiyejulikana, na itachukua muda kabla ya magoti ya mwenye nguo mpya kuandika mikunjo yake juu ya hiyo.

Barazani karibu na soko mafundi cherehani hubana, hupunguza na kukata. Kanga zinazouzwa jirani sasa nyingi ni nyuzi za viwandani zilizochanganywa na pamba au bila pamba kabisa. Hazichuji, lakini hazinywi jasho, na baada ya miaka mitatu ni zilezile, ila zimejaa vipele vidogo vya nyuzi. Wanaozijua huuliza ya pamba, huikunja pembe moja na kuisugua kati ya vidole wasikie dondo likikwaruza.

Kanga hiyo ya pamba ina njia ndefu mbele yake. Kwanza ni ya kutokea, ya shughuli na misiba. Ikipauka huwa ya nyumbani, kisha shuka ya kulalia, kisha mbeleko. Ikitoboka hukatwa winda za mtoto, na kipande kilichobaki hugeuzwa kitambaa cha kuepulia sufuria. Sehemu ya mwisho ambayo bado ina nguvu, mara nyingi ni pindo, husokotwa ikawa kata ya kubebea ndoo kichwani.