Upasuaji wa siku moja: chai nayo ni chakula

Kazi yangu ni kumtayarisha mgonjwa anayeingia thieta asubuhi na kurudi kwao jioni hiyo hiyo, iwe ni hapa Mkomani, Kongowea au Kisauni. Wengi huja kwa ngiri, busha, kivimbe cha kutolewa au mtoto wa jicho. Wakishaambiwa hawalazwi, hudhani ni jambo la mzaha.

Kinachoharibu siku zaidi ni tumbo. Mtu akipigwa dawa ya usingizi, koo hupoteza nguvu ya kujilinda, na kilichomo tumboni chaweza kupanda kikaingia mapafuni. Kwa hivyo mtu mzima huacha maji matupu muda wa saa 2 kabla ya upasuaji, chakula chepesi saa 6, na vya mafuta kama mahamri, viazi karai au biriani saa 8. Maziwa huhesabiwa chakula. Daktari wako akikupa muda mwengine, fuata wake.

Mwaka wangu wa kwanza nilimuuliza mzee mmoja wa ngiri, "Mzee, umekula?" Akasema, "La mwanangu, sijala." Nikatia alama kwenye fomu. Mlangoni pa thieta daktari wa usingizi akamuuliza ameamkia nini. "Chai tu." Hiyo chai tu ilikuwa ya maziwa, na mahamri mawili kwa mbaazi. Mzee hakusema uongo. Kwetu sisi kula ni wali au ugali. Asubuhi mtu hunywa chai. Kosa lilikuwa la swali langu. Upasuaji ukaahirishwa, na kijana wake aliyemleta alikuwa ameacha kibarua cha siku hiyo. Tangu hapo nauliza hivi: "Tangu jana usiku, ni kitu gani kimepita mdomoni?" Hapo ndipo hutoka uji, tambuu, na muguka. Muguka, kama miraa, hupandisha presha na kuuendesha moyo mbio, kwa hivyo usinifiche hata ukiwa na mama mkwe pembeni.

Ramadhani ina mtego wake. Mtu huja amefunga, akaona amemaliza kazi. Lakini daku amekula saa kumi za alfajiri, na upasuaji ni saa tatu asubuhi. Saumu yake ni sahihi, ila tumbo bado limejaa.

Kina mama, piko na rangi ya kucha. Kile kibano cha kidoleni kinachopima oksijeni hupitisha mwanga kidoleni, na weusi wa ukucha waweza kukikoroga. Rangi twaitoa, piko haitoki, basi hutafuta kidole kisichopakwa au ndewe ya sikio. Bangili na pete ziacheni nyumbani.

Dawa zako zote zije kwenye mfuko, za mitishamba pia. Za presha mara nyingi humezwa kwa funda la maji, lakini za sukari uliza kwanza, maana kwa tumbo tupu sukari yaweza kushuka mno. Za kufanya damu nyepesi uliza siku kadhaa kabla.

Wengi hukasirika kuulizwa jina na upande wa ugonjwa mara nne. Si kwamba twasahau. Orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2008 husimamisha kazi mara tatu: kabla ya usingizi, kabla ya kukata, na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani. Tuvumilieni.

Njoo na mtu mzima wa kukurudisha. Kwa saa 24 baada ya usingizi usiendeshe gari wala pikipiki, wala usitie sahihi hati ya shamba. Na usiku huo damu ikivuja bila kukoma, ukitapika mfululizo, au mkojo ukakataa kutoka, usingoje kuche. Rudi hospitali.