Kadi bila daftari: miaka 60 ya kuadhibu wachezaji

Mwaka 1965, Feisal ya Mombasa ilipotwaa ubingwa wa Kenya, hakuna refa aliyekuwa na kadi mfukoni. Mchezaji aliyevuka mpaka aliitwa kando, akakemewa, jina likaandikwa kijitabuni. Akizidi, alinyooshewa kidole aende zake. Shabiki aliyekaa nyuma ya goli angeweza kurudi kwake bila kujua nani ameonywa na kwa kosa gani. Siku hizi hata mtoto anayecheza kifua wazi Mtopanga au Junda, huku Kisauni, Mombasa, anazijua rangi zile mbili, na huwezi kumdanganya. Hayo ni maendeleo, tena makubwa. Ila kadi humaliza kazi yake pale pale uwanjani. Mchezaji atakaa nje mechi ngapi, atatozwa kiasi gani, nani anazihesabu njano zake na nani atamsikiliza akilalamika, hayo huamuliwa mezani, na meza hiyo soka imechelewa sana kuiwashia taa. Tunapolia na upendeleo, wengi wetu humrukia refa. Historia inaonyesha kwamba mara nyingi tunamwonea: ugonjwa uko kwenye daftari.

Kadi zenyewe zilizaliwa na mkanganyiko. Katika robo fainali ya Kombe la Dunia la 1966 uwanjani Wembley, refa Mjerumani Rudolf Kreitlein alimtoa nahodha wa Argentina, Antonio Rattín. Refa hakujua Kihispania, Rattín hakujua Kijerumani, na nahodha yule akagoma kutoka kwa dakika kadhaa huku akidai aletewe mkalimani. Ilibidi Ken Aston, Mwingereza aliyesimamia marefa wa mashindano hayo, aingilie kati kutuliza mambo. Baadaye, akiendesha gari jijini London, taa za barabarani zikampa wazo. Kombe la 1970 nchini Mexico likaanza na kadi, na njano ya kwanza ikamwendea Kakhi Asatiani wa Muungano wa Sovieti. Nyekundu haikutoka mfukoni hadi 1974, alipolishwa Carlos Caszely wa Chile dhidi ya Ujerumani Magharibi. Ugonjwa uliotibiwa ulikuwa wa mawasiliano: mchezaji, benchi na jukwaa sasa waliona kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Kosa likaonekana, hukumu ikabaki gizani. Mwaka 1962 nchini Chile, Garrincha wa Brazil alitolewa katika nusu fainali dhidi ya wenyeji, na siku chache baadaye akacheza fainali kana kwamba hakuna lililotokea, Brazil ikabeba kombe. Mtu angedhani hayo yalikwisha na enzi za kijitabu. Lakini Novemba 2025 Cristiano Ronaldo alilishwa nyekundu kwa kumpiga kiwiko beki wa Ireland, Dara O'Shea. FIFA ikampiga marufuku mechi tatu, kisha ikaziahirisha mbili kwa mwaka mmoja wa kuangaliwa mwenendo, na njia yake ya kwenda Kombe la Dunia la 2026 ikabaki wazi. Wanaoutetea uamuzi huo wana hoja isiyofaa kupuuzwa: ilikuwa nyekundu yake ya kwanza katika mechi 226 za Ureno, na kanuni za FIFA zinaruhusu adhabu kuahirishwa. Sawa, mwenye rekodi safi afikiriwe. Je, beki wa taifa dogo mwenye rekodi safi kama hiyo naye angefikiriwa? Swali hilo hujibika tu pale hukumu zote, za wakubwa na wadogo, zinapowekwa hadharani pamoja na sababu zake, mtu akazilinganisha.

Uingereza ilitupa mfano wa pande zote mbili. Oktoba 2006 Jermain Defoe alimng'ata Javier Mascherano, akaonyeshwa njano, na chama cha soka kikasema hakina la kuongeza kwa kuwa refa ameshaamua. Aprili 2013 Luis Suárez alimng'ata Branislav Ivanović, refa hakuona, na adhabu ikawa mechi kumi. Kweli, Suárez hakuwa mgeni wa kosa hilo. Hata hivyo, ni vigumu kumweleza mtu mwenye akili timamu kwamba meno yana uzito tofauti kutegemea refa alikuwa anatazama wapi. Tofauti moja ilikuwa ya heri: jopo lililomhukumu Suárez lilichapisha sababu zake kwa maandishi, na kila aliyetaka kuzipinga alijua anapinga nini.

Kwetu Afrika Mashariki, funzo kali zaidi lilitoka Bukoba. Tarehe 2 Aprili 2017, Kagera Sugar iliichapa Simba 2-1 uwanjani Kaitaba. Simba wakalalamika kwamba beki Mohamed Fakhi hakustahili kuingia uwanjani kwa sababu alikuwa na kadi tatu za njano, idadi ambayo Tanzania humweka mchezaji nje mechi moja. Kagera wakakana. Kamati iliyozoeleka kwa jina la Kamati ya Saa 72 ikawapa Simba pointi tatu. Siku chache baadaye kamati nyingine ya TFF, shirikisho la soka la Tanzania, ile ya katiba, sheria na hadhi za wachezaji, ikazirudisha kwa Kagera. Ligi ilipokwisha, Yanga na Simba walikuwa na pointi 68 kila mmoja, na Yanga ikatawazwa kwa tofauti ya mabao. Yaani ubingwa wa nchi ulining'inia kwenye swali ambalo karani mmoja angelijibu kabla chai yake haijapoa: huyu ana njano ngapi? Kupima ubaya wa rafu kunahitaji busara, na watu wenye busara hutofautiana. Kuhesabu hadi tatu hakuhitaji. Haki hapa haikuwa inasubiri VAR wala jopo la majaji. Ilikuwa inasubiri orodha ambayo kila klabu imeiona kabla ya kipenga. Mali bila daftari hupotea bila habari, na pointi za ligi ni mali.

Kenya ina ugonjwa wake wa ziada, kwamba ofisi hazitulii. FIFA ilitufungia mwaka 2004, 2006 na tena Februari 2022. Katikati ya hapo mashirikisho ya soka yakapokezana: tukawa na KFF, tukawa na FKL, na mwaka 2011 tukapata FKF. Ligi kuu nayo iliendeshwa kwa miaka na kampuni ya KPL, iliyokuwa na kamati yake huru ya nidhamu, hadi shirikisho lilipoitwaa mwaka 2020. Katika mzunguko kama huo hukumu ya jana haiwi mwongozo wa leo, kwa kuwa anayehukumu leo hakuwapo jana. Tarehe 18 Machi 2012 uwanjani Nyayo, Ali Abondo wa Gor Mahia alilishwa nyekundu kwa rafu dhidi ya Amon Muchiri wa AFC Leopards, jukwaa likalipuka na mechi ikasimama. Fujo hazina utetezi. Ila umati usioamini kwamba mchezaji wa upande wa pili angeadhibiwa vivyo hivyo hautulizwi na kadi, hata ikiwa ya haki.

Ukivuka daraja la Nyali kuja Kisauni, hayo yote hujirudia kwa kipimo kidogo, bila kamera. Kwenye ligi za chini, mchezaji akishatolewa, kinachobaki ni ripoti ya refa: jina, nambari ya jezi, dakika, na sentensi moja au mbili kuhusu kosa. Refa akiandika tu kwamba ametukanwa, bila kulinukuu neno lenyewe, kamati itahukumu kwa kukisia: lilikuwa tusi la mzazi, au neno lililomponyoka mtu aliyekatwa mguu? Mchezaji wa Bandari ana klabu yenye ofisi na watu wa kumwandikia barua. Mwenzake wa Magogoni ana kocha anayejitolea. Sheria ya Michezo ya 2013 ilianzisha Jopo la Kutatua Mizozo ya Michezo, lakini rufaa dhidi ya uamuzi wa shirikisho hufika huko ikiwa kanuni za shirikisho lenyewe zinaruhusu, na jopo liko Nairobi, karibu kilomita 500 kutoka hapa. Aliyepigwa marufuku mechi tatu atakuwa ameshazitumikia kabla faili halijafunguliwa.

Wapo watakaosema kudai orodha na sababu zilizochapishwa ni kugeuza mpira kuwa korti. Kisa cha Fakhi kinawajibu: kilichoingiza kamati mbili kwenye mzozo ni hesabu ambayo haikuwa wazi kwa wote. Wengine watasema makosa hayafanani, kwa hiyo adhabu zisilazimishwe kufanana. Nakubaliana nao, na ndiyo maana nadai sababu ziandikwe. Anayetofautisha aseme anatofautisha kwa nini. Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni la usalama wa marefa, ambao katika ligi za mitaani huandamwa hata bila karatasi. Lakini refa hajifichi kwa kuficha ripoti, maana uwanja mzima umemwona akitoa kadi. Kinachomuumiza ni kubebeshwa uamuzi wa kamati asioukalia. Sababu zikichapishwa kwa jina la kamati, lawama itamfikia mwenyewe.

Gharama nayo isiwe kisingizio, kwa kuwa orodha ya kadi haimalizi ukurasa mmoja, na viongozi wa timu wanazo simu. FKF, pamoja na tawi lake la Mombasa, ianze na ligi za Kisauni msimu ujao: kila Jumatatu, kabla ya mechi zinazofuata, itume kwa timu zote majina ya waliolishwa kadi, jumla ya kadi za kila mmoja, mechi alizofungiwa na sababu ya kamati.